Mti wa Ukoo Ubaoni: Mjadala kutoka Ukanda wa Mkonge

Mti wa ukoo, yaani mchoro unaopanga majina ya wazazi, mababu na mabibi kwa mistari inayoteremka kizazi baada ya kizazi hadi kumfikia mtoto mwenyewe, ni zoezi ambalo walimu wa shule za msingi hulikimbilia kila inapofika mada ya familia na urithi wake. Urithi unaozungumziwa hapa si mali inayogawanywa baada ya arobaini ya marehemu, bali ni yale ambayo ukoo humwachia mtoto bila hati: majina, miiko, lugha, kazi za mikono, habari za mahali ulikotoka na namna ya kuitana. Nchini Tanzania zoezi hilo limeongezeka uzito kwa sababu mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023 una somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na mwalimu anayewafundisha watoto wadogo historia hana budi kuanzia karibu nao, ambako ni nyumbani. Kinachobishaniwa ni kama safari hiyo ya kwenda nyumbani ianze kwa mti huo au kwa zoezi jingine.

Ubishi huo huonekana wazi zaidi katika shule zilizozungukwa na mashamba ya mkonge mkoani Tanga, katika wilaya za Korogwe, Muheza na Pangani, kwa kuwa huko mstari wa mti wa ukoo aghalabu hukatika mahali fulani au huvuka mpaka wa nchi. Hata zao lenyewe ni mhamiaji: mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, na 62 tu iliyosalimika safarini ndiyo iliyopandwa Kikogwe, karibu na Pangani, ikawa chanzo cha mashamba yaliyoifanya Tanganyika iongoze duniani kwa mkonge. Wenyeji wa eneo hilo, wakiwamo Wasambaa, Wabondei na Wazigua, walikuwa na mashamba yao ya chakula na wengi wao hawakuona sababu ya kuyaacha ili wakakate majani ya miiba kwa ujira mdogo, hivyo wenye mashamba wakategemea manamba, yaani vibarua wa mkataba walioandikishwa mbali, Uha, Ubena, Ungoni, Burundi na Msumbiji, na kuanzia mwaka 1944 uandikishaji huo ukaratibiwa na ofisi ya pamoja iliyojulikana kwa kifupi kama SILABU. Wajukuu na vitukuu wa watu hao ndio wanaobanana leo kwenye madawati pamoja na wajukuu wa wenyeji.

Sauti nne zinazofuata hazikupewa majina kwa kuwa si za watu mahususi. Ni hoja zilizokaribishwa baraza moja ili zijibizane. Ya kwanza ni ya mwalimu wa darasa la nne, ya pili ni ya mthibiti ubora wa shule, ofisa ambaye zamani aliitwa mkaguzi, ya tatu ni ya bibi anayemlea mjukuu wake kambini, na ya nne ni ya mwanahistoria anayefanya kazi na masimulizi, yaani habari za kale zinazohifadhiwa kwa mdomo na si kwa maandishi.

Mwalimu anautetea mti kwa sababu ambazo mtu asiyewahi kusimama mbele ya darasa lililofurika hawezi kuzibeza. Zoezi hilo halidai zana za kufundishia zaidi ya ubao, chaki na daftari, humalizika ndani ya kipindi, na humpa kila mtoto la kusema, hata yule ambaye hajawahi kunyoosha mkono katika Hisabati. Zaidi ya hapo, anaeleza, mti humfundisha mtoto kuhesabu wakati kwa vizazi kabla hajaweza kuuhesabu kwa karne, na lugha yenyewe imekwisha kuandaa ngazi za hesabu hiyo: mwana, mjukuu, kitukuu, kilembwe, kining'ina. Mtoto anayefahamu kwamba bibi wa bibi yake alikuwa na umri kama wake wakati Wajerumani wakiwa Tanga, anasisitiza mwalimu, amekwisha kuielewa historia kuliko yule aliyekariri tarehe ya Mkutano wa Berlin.

Mthibiti hapingi historia, anapinga kinachobandikwa ukutani. Kwa maoni yake, jina la ukoo ni jina la kabila lililovaa nguo za nyumbani, na taifa lililochagua kwa makusudi kutohesabu watu wake kwa makabila, ambalo sensa yake ya mwisho kuuliza swali hilo Bara ilikuwa ya mwaka 1967, halipaswi kulirudisha swali hilo kupitia daftari la mtoto wa miaka kumi. Anataja Rwanda, ambako kitambulisho kilichoandikwa kabila, kilichoanzishwa na utawala wa Kibelgiji, kilitumika mwaka 1994 kuwatenga watu vizuizini kati ya wa kuuawa na wa kuachwa, na ambako baada ya hapo neno hilo liliondolewa kwenye vitambulisho. "Mwalimu," anaonya, "leo ni mchoro, kesho ni orodha."

Hoja ya mthibiti ni nzito, lakini imelenga pembeni. Watoto wa kambi za mkonge hawangoji shule iwaambie nani ni Muha na nani ni Mmakonde. Wanalijua hilo tangu uwanja wa mpira, na mara nyingi wanalijua kwa njia ya matani yasiyo na adabu. Mwanahistoria anamkumbusha kwamba jamii za Tanzania hazikuwahi kuishi kwa kulificha jina la kabila, bali kwa kulifunga kwenye wajibu, na mfano wake mkuu ni utani, yaani uhusiano wa watu wa makabila au koo mbili wanaoruhusiwa kukejeliana bila kuudhiana, kama ulivyo kati ya Wanyamwezi na Wazaramo. Mtani anayefanya mzaha mbele ya jeneza ndiye huyo huyo anayetarajiwa kuhudumu msibani, na mtoto akielezwa kwamba mzaha una deni la kulipwa siku ya kilio atakuwa amefundishwa jambo ambalo ukimya wa kisera hauwezi kumfundisha. Mthibiti anakubali utani uingie darasani, ila kwa sharti kwamba ufundishwe kama mada inayojitegemea wala usiwe kisingizio cha kumtaka kila mtoto asimame na kujitaja.

Hapo ndipo bibi anapoingilia kati. Anamwambia mwalimu, "Mwanangu, huo mti wako una visanduku viwili juu ya kila mtoto, na mjukuu wa kambini ana kimoja tu cha kujaza." Baba wa mtoto huyo hakutajwa wala hakuja kujitambulisha, mama yake yuko Dar es Salaam akitafuta riziki, na aliyemlea, akampeleka kliniki na kumwandikisha shule ni bibi mwenyewe, ambaye mchoro unamweka mbali, ghorofa mbili juu, kana kwamba ni mtu wa kale. Mwalimu anajibu kwa heshima kwamba kisanduku kinaweza kuachwa wazi, na kwamba hakuna mtoto atakayepoteza alama kwa sababu hiyo. Bibi hatosheki, na ni vigumu kuona kwa nini angetosheka: darasani, mahali ambapo wenzake wanne wamekalia dawati moja na macho yote yako kwenye daftari la jirani, kisanduku kitupu ndicho kinachosomwa kwanza.

Mwalimu anayelichukulia lalamiko hilo kuwa la mtoto mmoja mwenye bahati mbaya atakuwa hajaitazama familia anayoifundisha. Mchoro wa mti umekata kauli kimyakimya kuhusu maswali kadhaa ambayo jamii za Afrika Mashariki huyajibu kwa namna tofauti. Umeamua kwamba mzazi ni baba mmoja na mama mmoja, ilhali katika Kiswahili cha kila siku dada wa mama ni mama mkubwa au mama mdogo, kaka wa baba ni baba mkubwa au baba mdogo, na watoto wao ni ndugu wa kuitana kaka na dada, si watu wa tawi jingine. Umeamua kwamba shina ni upande wa baba, ilhali kwa Wamakonde na Wayao, ambao vizazi vyao ni sehemu ya historia ya mashamba haya, kama kwa Waluguru wa Morogoro, ukoo kwa desturi hufuata upande wa mama, na mwenye kauli juu ya mtoto ni mjomba. Mtoto wa Kimakonde akichora kama kitabu kinavyoelekeza, atajikuta amejisajili katika ukoo usio wake. Umeamua pia kwamba damu inatosha, na kwa hiyo hauna mahali pa mke mwenza aliyemnyonyesha mtoto wa mwenzake, wala pa somo, mwanamke anayemfunda msichana unyago na kubaki mshauri wake hadi uzeeni. Kati ya mazoezi yote ya urithi wa familia, huu mti unaopendwa kuliko mengine ndio unaofahamu kidogo zaidi kuhusu familia zinazouchora.

Mwanahistoria anaongeza pingamizi la aina nyingine, nalo linahusu ukweli wa orodha zenyewe. Jan Vansina, Mbelgiji ambaye kitabu chake kuhusu masimulizi kama chanzo cha historia kilitoka mwaka 1961, alisaidia kuwafanya wanahistoria wazitazame nasaba, yaani orodha za vizazi, kama matini zinazotengenezwa na kurekebishwa: vizazi vya katikati hudondoka, mtu mashuhuri huvutwa karibu, na aliyeaibisha ukoo hupotezwa. Mfano hauhitaji kutafutwa mbali na Korogwe, kwani milima inayoonekana kutoka kwenye mashamba ya mkonge ilitawaliwa na Wakilindi, ambao habari zao ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi. Nasaba hiyo ya kifalme inaanza na Mbegha, mwindaji wa nguruwe kutoka Nguu, ambaye kwa mujibu wa simulizi alikuwa kigego, yaani mtoto aliyeanza kuota meno ya juu, jambo lililohesabiwa kuwa nuksi, na ambaye nduguze walimnyima urithi na kumtenga kabla hajapanda Usambara na kupokewa kuwa mtawala. Ukoo mkubwa kuliko yote katika eneo hilo, kwa simulizi zake wenyewe, umeanzishwa na mtu aliyefutwa kwenye mti wa kwao. Mwalimu, ambaye alikuwa akiifundisha habari ya Mbegha kama kisa cha ushujaa tu, anakiri kwamba kwa mtoto mwenye kisanduku kitupu kisa hicho kina mafunzo mengine.

Baada ya mti kupigwa hivyo, mwalimu anayo haki ya kuuliza afanye nini Jumatatu asubuhi. Siku ya vyakula vya asili, ambayo shule nyingi huitumia kama jibu, haihitaji maneno mengi: inapendeza, wazazi huhudhuria, na mara nyingi gharama yake humwangukia mama asiye na uwezo, huku mtoto akibaki na kumbukumbu ya shibe kuliko ya ukoo. Yanayostahili kujadiliwa ni mazoezi matatu, nayo hayalingani kwa thamani.

La kwanza ni mahojiano, ambapo mtoto hupeleka nyumbani maswali machache na kurudi na majibu. Mwanahistoria analipenda, lakini anaonya kwamba maswali ya shule huwa mabaya kwa sababu yanadai majina na tarehe, vitu ambavyo wazee hukwepa kuvitaja au huvitaja kwa kumridhisha mtoto. Swali la kazi hujibiwa vizuri zaidi: bibi alipokuwa na umri wa mjukuu wake alipewa kazi gani asubuhi, nani alimfundisha, na alipokosea ilikuwaje. Bibi anaafiki, akieleza kwamba kuna mambo mengi ya kusimulia kuhusu korona, ambalo ndilo jina la mtambo wa kusindika mkonge katika mashamba hayo, kuhusu wanawake waliozianika juani singa, yaani nyuzi za mkonge, na kuhusu majani yaliyofungwa matita na kuhesabiwa na mnyapara asiyekosea isipokuwa kwa hasara ya mkataji. Anaongeza kwamba mtoto afike jioni, kazi za jikoni zikiwa zimekwisha, aamkie kwanza, tena asiandike wakati mzee anazungumza, kwa kuwa mtu anayeandikwa huchagua maneno kama aliye mahakamani. Mwalimu analichukua pendekezo hilo kwa uzito: mtoto atasikiliza nyumbani, atasimulia darasani, na kuandika kutakuja mwisho.

La pili ni kifaa cha nyumbani. Tuseme mtoto analeta, kwa idhini, kipande kilichohifadhiwa na babu yake katika sanduku la bati. Kipande kilikuwa kadi ya ajira ya siku 30 za kazi, siku ambazo hazikulazimika kufuatana, na mshahara ulilipwa kadi ilipojaa. Watoto wa darasa la nne wanaweza kuisoma kadi hiyo kama wanahistoria wakubwa wanavyosoma nyaraka: watahesabu nafasi za siku, watauliza kwa nini mtu aliyeugua wiki nzima alichelewa kulipwa, watatambua kwamba jina limeandikwa na mtu asiyejua kulitamka, na hatimaye wataona kile ambacho kadi haisemi, yaani nani alipika, nani alilima bustani nyuma ya kambi na mtoto wa mwenye kadi alizaliwa mwaka gani. Mthibiti, ambaye hadi hapo amekuwa mgumu, analiona zoezi hili kuwa bora kwa kipimo chake mwenyewe cha umahiri, kwani hapa mwanafunzi anachambua ushahidi na hakariri. Shida ya zoezi hili ni kwamba si kila nyumba ina kipande, na kifaa kikipotea mikononi mwa watoto 80 hakifidiwi na msamaha wa mwalimu mkuu. Kinu, kanga ya zamani au mbuzi ya kukunia nazi vinatosha kabisa.

La tatu, ambalo ndilo linaloelekea kuwa jibu la mjadala huu, ni ramani ya safari. Mwalimu anachora Tanzania na majirani zake kwenye karatasi za manila zilizounganishwa, na kila kikundi kinatandaza singa ya mkonge kutoka mahali ambapo mzee wa nyumba mojawapo alianzia hadi ilipo shule, na kuweka alama mahali alipopumzika, alipopanda treni na alipobadilisha kazi. Mstari wa Kasulu utapita Kigoma na kuifuata Reli ya Kati, mstari wa Msumbiji utavuka Ruvuma, na mstari wa Msambaa hautakuwa nukta iliyosimama, kwa sababu naye alishuka kutoka milimani kuja bondeni, na kwa sababu Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976 iliwahamisha hata waliodhani hawatahama, wakaacha nyuma mahame, yaani maeneo ya makazi ya zamani yenye miembe na makaburi. Mwalimu aliyepangiwa kazi kutoka Mbeya naye ana singa yake. Ramani haimuulizi mtoto ana wazazi wangapi, haipimi upande wa baba wala wa mama, na anayelelewa na bibi anayo safari kamili ya kuonyesha. Tena kabila linatajwa ndani yake bila kufichwa wala kutukuzwa, kwa kuwa linakuwa jina la mahali pa kuanzia.

Mwalimu anauliza kama mti basi ufutwe kabisa. Mwanahistoria angependa ubaki kwa madarasa ya juu, uchorwe wa Wakilindi na usiwe wa watoto, ili wanafunzi wajifunze kuuhoji. Pendekezo hilo linakubalika zaidi kuliko lile la mthibiti la kuupiga marufuku kwa waraka.

Bibi, hata hivyo, hajamaliza, kwani ramani nayo ina hatari zake. Yako mambo ambayo nyumba imeyanyamazia kwa sababu. Bonde la Pangani lilikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa, hadhi ya utumwa haikufutwa kisheria Tanganyika hadi mwaka 1922, na wapo watu ambao mababu zao waliitwa wazalia, yaani waliozaliwa pwani na wazazi watumwa, na ambao walitumia vizazi viwili kulisahaulisha jina hilo. Iko pia hofu ya karatasi. Wamakonde wa Kwale, ng'ambo ya mpaka, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, waliishi Kenya kwa miongo mingi bila uraia hadi walipotembea kwa miguu kuelekea Nairobi mwezi Oktoba 2016, na mwaka uliofuata wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la nchi hiyo. Mzee aliyeishi kwa wasiwasi wa namna hiyo akiulizwa na mjukuu wake alitoka wapi, hasikii swali la somo, anasikia la ofisi. Kwa hiyo bibi anadai kwamba kila mtoto aruhusiwe kutandaza singa ya mtu mwingine: jirani, mlinzi wa shule, shehe au katekista, bila kuulizwa kwa nini.

Mwalimu anakubali, na mwanahistoria anaona kwamba sharti hilo haliharibu zoezi, kwa sababu mtoto anayemhoji mlinzi wa shule anajifunza stadi zile zile. Mthibiti anauliza kazi hiyo itasahihishwaje, kwani andalio la somo lisilo na kipimo haliwezi kupita mezani kwake, na baada ya kuvutana wanaafikiana kwamba alama zitolewe kwa ubora wa maswali aliyouliza mtoto na kwa uangalifu wa kutenganisha alichosikia na alichokisia, bali si kwa urefu wa safari wala wingi wa majina. Kuhusu siku ya wazazi, mwalimu alitaka kazi zote zitundikwe ukumbini zikiwa na majina ya watoto. Bibi anakataa, na safari hii mthibiti yuko upande wake: itatundikwa ramani moja ya darasa zima, isiyoonyesha singa ipi ni ya nani, na daftari la mahojiano litarudi nyumbani na mtoto, likafunguliwe au lifungwe na aliyehojiwa.